Benchi la Stesheni

Lilitoka stesheni, hilo benchi,
treni za abiria zilipokoma kuja.
Shemndolwa alilinunua kwa bei ya kuni
akaliweka barazani, Barabara ya Kumi na Mbili,
nje ya chumba chenye kompyuta tatu,
kila moja imevikwa kitambaa cha kufuma
kama redio ya bibi harusi.

Watu wakaendelea kusubiri.
Zamani mizigo, sasa barua.

Mimi ndiye niliyekaa na saa.
Shilingi mia tano kwa nusu saa; umeme ukikatika
tunabishana juu ya dakika zilizobaki.
Modemu ikilia kama paka wawili darini
benchi zima linasikiliza:
imeshika? Haijashika?
Mara mke wa Shemndolwa, huko ndani,
anainua simu amuulize dada yake hali ya Muheza
na dunia yote inakatika.
“We Mwanaidi! Weka chini mkono huo!”

Nilifungua anwani za watu wasiojua kitufe.
Mbaruku fundi cherehani. Wauguzi wawili wa Bombo.
Kijana wa Makorora aliyetafuta mchumba Ufini
akampata mzee wa miaka sabini,
wakaandikiana juu ya samaki mwaka mzima.
Na Bi. Mwanakheri, muuza bajia,
ambaye mwanawe Sefu alikuwa Maskati mwaka wa sita.
Nikamuuliza, neno lako la siri?
Akanitazama juu chini.
“Sisemi.”
Nikaandika: sisemi.
Benchi likacheka wiki nzima
na mtaa wote ukalijua.

Barua za Sefu zikasomwa kwa sauti,
maana feni ilinguruma na mama hasikii vizuri.
Tulilijua jino lake bovu, ujira uliocheleweshwa.
Tulijua kuna Marjani
kabla yeye mwenyewe hajakiri kwamba kuna Marjani.
“Mwambie asikopeshe mtu!” Nani kasema?
Mpita njia, kikapu cha kisamvu kichwani.

Mwezi wa Rajabu Bi. Mwanakheri alianguka jikoni.
Bombo walimpokea, hawakumrudisha.
Simu ya Sefu inaita tu.
Saa mbili usiku, watu kumi na mmoja nyuma ya kiti changu:
andika mama mgonjwa sana, azoee polepole.
Mtu mzima haambiwi uongo.
Anza na salamu.
Salamu gani leo?
Mbaruku anataka beti, muuguzi anataka saa kamili ya kifo.
Nikafuta. Nikaandika. Nikafuta.
Shemndolwa akaja, hakusema kitu,
akaishika saa ya ukutani akaigeuza uso.

Dakika hamsini kwa mstari mmoja:
“Sefu, mama ametangulia mbele ya haki. Hakuwa peke yake.”
Yale maneno matatu ya mwisho
mpaka leo kila mtu anadai ni yake.

Sefu alijibu siku ya tatu, lakini si sisi.
Alimwandikia mama yake, anwani ileile,
kama kawaida: jino, ujira, Marjani amekubali.
Nilifungua kwa neno lile tulilolijua sote.
Benchi likanisubiri nisome.
Nikafunga.

Sisemi zamani kulikuwa bora.
Kulikuwa ghali, na umbea ulitutafuna;
mwulizeni binti wa Gofu aliyeletewa posa
ikasomwa mbele ya mume wa shangazi yake.
Siku hizi kundi la mtaa lina watu mia mbili arobaini
na juzi Mbaruku alilazwa siku nne,
nikajua kwa kijipicha cha viganja vilivyokutana,
nikatuma kijipicha changu,
nikaendelea kula.

Benchi lipo kwa muuza chipsi, mguu mmoja umefungwa waya.
Jana nililikalia. Kijana pembeni yangu
aligeuza simu nisiione. Haki yake.
Nikasogea kidogo,
kama tulivyokuwa tunasogea
foleni inapopungua mtu mmoja.