Alhamisi za Eduvigis

Cheti nilikipata Machi, kule Santiago:
siku mbili za ukumbini, biskuti, kahawa,
mwanasesere wa plastiki asiyelia,
na mkufunzi aliyesema "ikitokea"
kwa sauti ya mtu ambaye haitamtokea.

Nikarudi Talcahuano. Cheti nikakitia drooni,
kikalala na risiti za gesi.

Lakini Eduvigis Painemal, msimamizi wa wodi ya watoto njiti,
hakuuliza nilipata alama ngapi.
"Walikufundisha nini? Nionyeshe."
Kila Alhamisi, dakika ishirini kabla zamu haijaisha,
alinipa mfuko wa mchele, gramu mia tisa,
akazima taa, akashika saa.
Nikiudondosha, hakufoka.
Aliuokota, akaupangusa, akanirudishia: "Tena."
Wenzangu walicheka: mchele huu
utaiva kabla hujahitimu.
Siku moja, nimechoka, nilimwambia ni upuuzi.
Akaandika jina langu kwenye ratiba ya Alhamisi ijayo.

Usiku ule ardhi ilianza kwa mngurumo,
kama lori linalopita chini ya kitanda.
Kisha dirisha likatoka mahali pake.
Taa zikafa. Mashine zikapiga kelele,
moja baada ya nyingine zikanyamaza,
na ukimya wao ulikuwa mbaya zaidi.
Yote niliyosoma yakanitoka
kama maji kwenye pakacha.
Nilisimama. Naapa, nilisimama tu,
mikono imening'inia kama ya mtu mwingine.

Akaja, tochi kaibana kwa meno.
Hakuninyang'anya kazi. Angeweza;
ana miaka thelathini na mmoja wodini humo.
Alimmulika mtoto wa Rayén Huenchumán,
akaitoa tochi mdomoni,
akasema, kama anayeomba chumvi mezani:
"Ni Alhamisi."

Ilikuwa Jumapili.

Mikono ikakumbuka.
Kidevu juu kidogo, vidole viwili,
mfuko wa hewa, hesabu, subiri, hesabu,
kisha kifua kwa kifua ndani ya koti langu,
ngazi tisini na sita gizani,
yeye mbele, akimulika kila kidato
nyuma yake, si mbele yake.
Gramu mia tisa.
Safari hii zilipumua.

Alfajiri, kwenye maegesho, kati ya mablanketi,
alipita akihesabu: kumi na mmoja.
Akarudia kuhesabu. Kumi na mmoja.
Akaniuliza kama nimekula.
Kisha akanikemea: vifungo vya koti
nilikuwa nimevifunga kombo,
baridi ilikuwa inaingia mgongoni mwa mtoto.
"Alhamisi," alisema, akivifungua kimoja kimoja,
vidole vyake vikitetemeka, "tutarudia hapo."