Rudia, Padri

"Rudia, Padri," alisema Luteni Verebes,
jicho moja limezama ndani ya kamera.
"Wingu limepita. Safari hii inua mkono zaidi."

Nikainua.
Maji ya baraka yalikuwa yameganda ndooni;
nikanyunyizia hewa kwa brashi kavu.
Jeneza la msonobari, mbao mbichi, likinuka utomvu,
na ndani yake magunia mawili ya viazi
ili wabebaji wainame kama watu wenye mzigo.
Maiti wenyewe walikuwa nyuma ya zizi, kumi na mmoja,
chini ya turubai. Nyuso zao, alisema, hazifai
kwa watu wa Budapest.

Na mavumbini utarudi.
Mara ya kwanza nilitetemeka.
Mara ya pili nilichunga kivuli changu kisiingie kwenye picha.
Mara ya tatu nilisema vizuri,
vizuri kuliko nilivyowahi kumsemea mfu yeyote,
hata mpishi wa kikosi akavua kofia, akalia.

Usiku nikawazika wale kumi na mmoja
kwa taa ya karabai, sauti imenikauka.
Nilifupisha.

Theluji ilipoanza kuyeyuka milimani Karpati,
Borbála Csontos alikuja kwa treni kutoka Szolnok.
Ameiona filamu mara nne, kwa pesa za maziwa.
"Nilimtambua kwa walivyoinama," alisema.
"Ambrus wangu alikuwa mzito."

Akanipa soksi alizomfumia mumewe.

Zinanitosha.