Harufu Yangu

Miaka kumi na tisa napaka magari rangi
hapa Punta Arenas, upepo ung'oapo mabati bila kuomba radhi.
Thina imeniingia kwenye kucha, kwenye mkate,
kwenye nywele za Edelmira anapolala begani kwangu.
Nyani haoni kundule; nami sikunusa kwangu.

Mwezi wa Juni nikavunjika mkono.
Wiki tatu sikugusa bomba la kupulizia.
Edelmira akafua hata mapazia.
Siku ya ishirini na mbili, jioni, giza tayari,
nyumba ikanuka mimi.

Na mimi nilikuwa jikoni, namenya viazi kwa mkono mmoja.

Basi vitu vilivyonyamaza vikaanza kusema:
soksi ngumu kama samaki mkavu chini ya godoro;
vidonda kuzunguka mdomo, tukasema ni baridi;
macho mekundu, tukasema ni simu;
sahani inayorudi imejaa; hasira zisizo na mlango;
na kopo langu likipungua,
nikimlaumu Ulises, kibarua wangu.

Nilipanda ngazi na mkanda mkononi.
Nitasema kweli: nilipanda nao.
Kwenye kidato cha tano nikamkumbuka nesi Yasna,
kwenye mkutano wa shule ambao nusu yake nilisinzia:
"Ukimkuta amevuta, usimkurupushe.
Usimkimbize, usimpigie kelele. Moyo wake saa hiyo
ni yai kwenye kijiko. Fungua madirisha, kaa naye.
Akizimia, mlaze ubavu, ita gari la wagonjwa.
Maswali yana kesho yake."

Mkanda nikauacha pale pale.
Nikafungua dirisha. Upepo ukaingia kama mwenye nyumba,
ukaangusha madaftari, ukaangusha kombe lake la mpira wa mikono.
Leandro, miaka kumi na minne, akanitazama
kama mtu anayetafuta jina langu.
Nikakaa sakafuni. Nikamfunika koti langu la kazi,
kisha nikakumbuka linanuka nini, nikalivua,
nikamfunika mimi.

Asubuhi sikuuliza kwa nini.
Niliuliza: "Ilianza kuuma lini?"
Alinyamaza mpaka chai ikapoa.
Kisha akasema, "Mwaka jana,"
tukavaa viatu, tukaenda kwa Yasna.

Siku hizi makopo yana kufuli, nguo za kazi hazivuki mlango.
Kila jioni namkumbatia kupita anavyotaka.
Anajua ninanusa.
Anasimama tu, ameinamisha kichwa,
ananiacha ninuse.