Jiwe Halilipiwi

Chumba chetu cha Mabatini kina kuta tatu na jiwe.
Pale pa ukuta wa nne mjenzi alikutana nalo,
akalitazama, akakisia bei ya baruti,
akaamua kulizunguka.
Siku ya kutupangisha, Mama Nyanjige
alilipiga kofi kama ng'ombe wa mnadani:
"Hili silihesabu. Jiwe halilipiwi."

Usawa wa kifua changu lina ukingo,
upana wa kiganja na nusu, urefu wa kitanda.
Miaka miwili umebeba kiberiti, chaja,
kadi ya kliniki ya Wande
na kitana kilichong'oka meno.

Oktoba hii nimesema hapana.
Mawingu yanajikusanya upande wa Ukerewe,
mijakaranda ya njia ya Bugando inamwaga zambarau
juu ya wauguzi na bodaboda bila kuchagua,
nami nina elfu mbili mia tano
zilizobaki baada ya unga.
Vuli isinikute na ukingo mtupu.

Mia tano: vipande vya kitenge kwa fundi Lugwisha,
vile anavyofagia jioni chini ya cherehani.
Nikachagua vya rangi ya kutu, vya haradali,
na kimoja cha rangi ya boga lililopitiliza kuiva.
Elfu moja: chemli, Mlango Mmoja.
Muuzaji aliapa inawaka.
Haiwaki.
Sikuitaka iwake. Nilitaka lile tumbo lake la kioo
nilijaze mchanga wa Kirumba na makome ya ziwani.

Mengine yalikuja bure, yaani kwa kuomba.
Shemeji Ngassa alituma kwa basi la Magu
matawi makavu ya pamba,
vitumba vyake vimefumbuka nusu
kama mtu aliyeamshwa kwa jina lisilo lake.
Magunzi matatu yenye punje nyekundu.
Kibuyu cha kusukia maziwa, kimetoboka kitako.
Na unyoya wa furukombe: Wande aliuokota mwaloni,
akataka mia mbili. Nikampa mia.
Iliyobaki nikanunua dagaa.

Alfajiri Maduhu alirudi kutoka kiwanda cha minofu,
barafu bado imo kwenye viungo vya vidole vyake.
Akavua buti moja, akasimama.
"Nani amefariki?"
"Hakuna. Ni vuli."
Akakaa juu ya ndoo, buti la pili mguuni,
akalitazama jiwe muda mrefu
kama mgeni ambaye tumekula mbele yake miaka miwili
bila kumwambia karibu.

Tarehe tano, kodi. Mama Nyanjige hakuingia,
shingo yake ndiyo iliyoingia.
"Kumbe ni kabati hili!
Basi mwezi ujao, elfu tano juu."
Nikamwambia: "Mdai mwenyewe, mama.
Ndiye mpangaji wa kwanza hapa,
alihamia kabla ya bati, kabla ya hati.
Akishindwa kulipa, mtolee vyombo nje.
Ila akiondoka, nyumba yako itamsindikiza
hadi Mto Mirongo."
Alichekea puani, hakutaka nione.
Aliondoka na tawi moja la pamba, hakuliomba.

Usiku ule ule mvua ilishuka.
Haikugonga, ilijimwaga tu kama gunia lililokatwa kamba,
na jiwe likaanza kutoa jasho
kwenye nyufa ambazo mchana huzioni.
Pamba ikanywa.
Kitenge cha haradali kikachuja,
mstari mmoja wa njano ukateremka taratibu,
ukapita begani mwa jiwe, ukatafuta sakafu.
Mkono wangu ulikwenda kukiondoa.
Nikaurudisha.

Nilitega kopo la maziwa ya unga pale chini.
Tone. Kimya. Tone.
Wande alijigeuza, akauliza usingizini kama tumefika.
Asubuhi kopo lilikuwa nusu,
maji ya njano hafifu, baridi kama kisima.
Nikanawia uso.