Macho ya Radi

Nimemchora mara kumi na moja.
Isevya mara nne, Ng'ambo mbili,
na pale Kachoma, ukutani mwa banda la video,
nilimchora mzima, viatu hadi kofia;
mwenye banda akanilipa nusu kwa fedha,
nusu kwa kuniruhusu niingie bure.

Sijapata kumwona Radi mwenyewe.
Nilipewa simu, kioo kimepasuka,
ufa umemkata shavu la kushoto.
Nikamchora na ufa wake. Nilidhani ni kovu.

Baada ya Idi wakapita vijana wawili
wanatoka kwa Kapembe kinyozi
na mstari wa wembe shavuni, damu haijakauka.
Nikacheka.
Mke wangu hakuinua uso kwenye ungo.
"Umewachanja wewe," akasema,
akatupa kijiwe.

Kisha taarifa ya saa mbili usiku:
Radi kakutwa na unga hotelini.
Mtangazaji alilitamka kwa sauti ileile
aliyotoka kusomea bei ya tumbaku.
Shija akalitazama tonge lake.
"Baba, na sisi tunatumia?"

Wiki ile kila simu mtaani ilikuwa na kipande kimoja:
Radi jukwaani, anabembea,
kichwa kinashuka, kinashuka,
kipaza sauti kinamteleza vidoleni,
halafu anashtuka kama aliyeitwa na mama yake.
Watu wakakirudia. Wakakitia ngoma.
Wengine waliandika pole,
wengine waliulizia bei ya viatu.
Kufika Ijumaa watoto wa shule
wanakicheza njiani, mabegi mgongoni,
magoti yanalegea pamoja,
na anayeshuka chini zaidi bila kuanguka
ndiye anayeshangiliwa.

Kapembe akaja na kopo la rangi, kalinunua mwenyewe.
"Mfumbe macho nusu. Tia wekundu.
Wateja wanamtaka huyu wa sasa,
yule wa zamani kama anauza sabuni."
Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi miwili.
Nikapanda. Nisingizie nini?

Ngazi alinishikia Nkwabi, mtoto wa dada yangu,
mwosha brashi zangu tangu darasa la tano.
Nilikuwa nimemaliza jicho la kulia
nilipohisi ngazi inahema.
Huko chini Nkwabi anabembea.
Watoto wamemzunguka, wanapiga makofi,
na mimi, Mungu anisamehe, kule juu
nikapiga mluzi kufuata makofi yao.
Nilidhani ni ile ngoma.

Ngazi ikaburuza ukuta, polepole,
brashi ikavuta mstari mwekundu
kutoka jichoni hadi dirishani.
Nilipofika chini alikuwa ameketi vumbini,
kiganja wazi, na kijinailoni ndani yake
kidogo kama cha chumvi ya kuonjea.
Makofi yalichelewa kuisha.

Sasa kila alfajiri nampeleka kituoni
anywe dawa yake mbele ya muuguzi,
afumbue kinywa, aonyeshe ulimi, turudi.
Tunapita njia ya nyuma, upande wa reli.
Hatuongei sana.
Jana tu alisimama, akafunga kamba ya kiatu
kwa muda mrefu kuliko kamba yenyewe, akasema:
"Mjomba, sikumwiga mtu.
Nilianza kabla ya ile video.
Ila ilipotoka, nikapata pa kujificha.
Nilikuwa nabembea mchana kweupe,
na mlikuwa mnanipigia makofi."

Sikuwa na jibu. Nilimshikia kikombe cha uji
mpaka tulipofika nyumbani, kikapoa mkononi mwangu.

Ukuta wa Kapembe nimeupaka chokaa mara mbili,
kwa fedha yangu, na hatusalimiani.
Mvua ikipiga, chokaa inalainika
na Radi anaanza kurudi,
na kinachotangulia si kofia, si macho.
Ni ule ufa.