Upande wa Kijani

Kilomita ya arobaini na moja kutoka Ipole,
hapo nilisimama miezi tisa na kibao changu:
upande mmoja mwekundu, SIMAMA,
wa pili kijani, PITA.
Elfu kumi na mbili kwa siku
na buti za mpira zilizonizidi namba mbili;
nikazijaza matambara, nikazizoea.

Sisemi barabara ni mbaya.
Mwulize wifi yangu Nyamizi,
aliyejifungua juu ya tela la trekta, masika,
gurudumu limezama hadi kitovuni.
Mtoto tukamwita Matope, jina likamkaa.
Lami hii niliitaka kama wengine.
Niliitaka kabla yao.

Lakini baba ni mrina asali.
Siku wapimaji walipokuja na vigingi na rangi
walimkuta chini ya mtundu wake, kienge cha moshi mkononi.
Wakapiga alama ya msalaba kwenye gome,
wakamjazisha fomu ya fidia:
miti mingapi, mizinga mingapi, jina la kijiji.
Akajibu yote. Kisha akauliza,
"Na ya wale mtaiandika wapi?"
Kidevu chake kikaonyesha ule ujia
mpana kama mlango wa ghala,
laini kama sakafu iliyosiribwa jana,
unaoshuka kuelekea Koga.
Karani aligeuza fomu, mbele, nyuma.
Safu ya tembo haikuwapo.

Injinia Mushobozi hakuwa mtu mbaya.
Siku moja, tukila mihogo, alinikunjulia ramani:
"Wiki sita tulitafuta mteremko wa kufaa, kwa mitambo.
Tukakuta wameshaupata."
Akacheka. Nami nikacheka.
Babu alifuata nyayo zao akibeba nta,
baba akafuata nyayo za babu,
greda likamfuata baba.

Ilikuwa Septemba, nyasi zimeungua,
mbung'o wamening'ang'ania shingoni.
Malori matatu ya kifusi yalikuwa yananijia.
Ndipo msitu ukanyamaza, upande mmoja tu,
kama mtu aliyezibwa sikio.

Wakatoka kumi na mmoja.
Jike kubwa mbele, sikio la kushoto limechanika,
vumbi la tuta letu tayari mgongoni mwake.

Mungu shahidi, sikufikiri.
Malori niliyaonyesha nyekundu,
wao nikawageuzia kijani.
Dereva Chubwa akatoa kichwa dirishani:
"Kalunde! Umewapa zamu?"
"Wametangulia," nikasema.

Jike akafika ukingoni.
Mita mbili za kifusi kilichoshindiliwa.
Akaweka mguu mmoja, taratibu,
kama mama apimaye maji ya kumwogeshea mtoto.
Kifusi kikamomonyoka.
Akauondoa.
Akainusa lami ya jana, akanusa na hewa ya juu yake.
Ndama akapenya chini ya tumbo lake, anataka kwenda;
akamrudisha kwa mkonga, bila hasira.
Lori la kwanza likazima injini. La pili. La tatu.
Mkono uliniuma, sikukishusha kibao.
Tulingoja, watu wazima wote,
na mkataba una tarehe.

Akageuka.

Wakageuka mmoja mmoja,
wakarudi walikotoka,
na mto uko huku.
Nikabaki nimeielekezea mikia yao
upande wa kijani.
Chubwa hakupiga honi.
Mwishowe ni mimi niliyemwambia apite.

Barabara imekwisha. Ni nzuri, sikatai.
Matope yuko darasa la pili,
masika yote anafika shuleni na soksi kavu.
Pale arobaini na moja wamesimamisha bango,
nguzo mbili za chuma, pembetatu,
na ndani yake tembo mweusi, mguu mmoja juu.

Baba hulipita kila wiki na madebe yake.
Juzi ndipo aliposhuka kwenye baiskeli,
akalitazama muda mrefu,
kiganja kikimkinga jua.
"Anaelekea mtoni," akasema.
"Huyu hajaambiwa."