Mafundo Tisa

Kimelala kifudifudi uani kwa Bi Time Asaa,
Wete, nyuma ya choo, kimefunika kuni.
Kuku mweusi anaatamia chini ya tezi
na nimekatazwa kumgutusha.

Nimekuja na futi, msasa, penseli ya seremala
na fomu ya idara yenye mistari sita:
Jina. Aina. Mwaka. Mwunzi. Mbao. Hali.
Nimeanzia wa mwisho.
Hali: kipo.

Kuhusu asili, kila mpita njia ana yake.
"Cha Bwana Shauri hicho, akienda nacho Fundo kupunga upepo."
"Kilishushwa melini, kimetoka Bombei, pamoja na piano."
"Kiliokotwa kimejaa maji, hakina mtu."

Mimi naamini rangi kuliko midomo.
Nakwangua pahala pa ukubwa wa kiganja:
kijani cha skuli,
buluu ya madirisha,
nyeupe iliyokauka ikawa ganda la yai,
na chini kabisa vanishi, rangi ya chai kavu.
Aliyepaka vanishi alitaka mbao zionekane.
Aliyepaka kijani alikuwa na kopo lililobaki.

Mbao zimelaliana, moja juu ya mwenziwe, kama magamba ya pono.
Kwetu hatuundi hivyo. Kwetu ubao hukaa bavu kwa bavu,
pamba na sifa zikamaliza ugomvi wao.
Basi nikaandika kwa wino: Ulaya.
Nikaona raha, kama mtoto
aliyepata jibu la hesabu kwa kuchungulia.

Halafu nikapima.
Ubavu wa kulia umezidi wa kushoto kwa nusu wanda.
Hanamu ina makovu ya tezo.
Na mataruma, yote tisa, ni matawi ya mkorosho
yaliyojikunja yenyewe mtini
yakangoja mtu wa kuyaona.
Kiwanda gani cha Ulaya kina mkorosho?
Nikaikata Ulaya kwa mstari mmoja.

Chini ya kikalio, penye giza,
kidole kikasoma kabla ya jicho:
mikato mitatu, na wa nne umeilalia.
Alama hii naijua.
Iko kwenye mbuzi ya nazi, nyumbani kwetu Mtambwe,
upande ambao anayekuna haoni.
Saburi Tumu, babu yake mama.
Kwetu hutajwa kwa milango na majeneza. Chombo, hata kimoja.

Na kuna kamba.
Kamba ya usumba, msumarini, nyuma ya mlango wa jiko,
ina mafundo tisa, na nafasi baina yao
hupanuka mpaka katikati, kisha hubana tena.
Bibi aliifungia mbuzi, yule wa miguu minne.
Mama aliianikia nguo.
Mimi niliyalaani mafundo yake kwa kunasa kanga.

Jumatatu nikarudi nayo.
Nikaitandaza ukingo kwa ukingo.
Taruma la kwanza, fundo likakaa.
La pili, likakaa.
Bi Time akaacha kupeta mchele.
La tatu. La nne. La tano.
La sita likakataa, pungufu vidole viwili.
La saba likarudi sawa, kana kwamba hapakutokea kitu.

Sijui.
Huenda kamba imekunywa maji ya nguo miaka hamsini.
Huenda alikipima kile cha wenyewe usiku, bandarini,
kwa kupapasa, mlinzi akakohoa,
na la sita akalikisia nyumbani.
Au alifika hapo akaona
wenyewe wamekosea.

Mbao: mvule, mkorosho.
Mwunzi: Saburi Tumu, kwa ushahidi wa mbuzi ya nazi.
Mwaka sina.
Aina nimeiandika mara mbili, nimeifuta mara mbili,
karatasi imetoboka pale.

Bi Time amesimama, ungo kiunoni.
"Sasa mkishakichukua, mwanangu,
kuni zangu nizifunike na nini?"